Nyumba ya Takawiri kwa Jina la Nani

Filister ndiye aliyeiona nyumba ile kwanza, na hilo ndilo lililomkwama kooni.

Alikuwa amekwenda kisiwa cha Takawiri na akina mama wa kanisa lake kutoka Migori, siku mbili za maombi na mapumziko. Katika kutembea ufukweni wakaikuta nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu, baraza pana ikitazama ziwa, na mchanga mweupe hatua chache kutoka mlangoni. Mwenyewe alikuwa mjane aitwaye Susana, na alisema anatafuta mnunuzi ili akaishi na mwanawe Kisumu. Filister alikaa kwenye baraza ile akamaliza kikombe cha chai akilitazama ziwa. Akilini mwake alishaona vitanda vyenye vyandarua, watu wa Nairobi na wazungu wa likizo wakishuka kwenye boti na mabegi yao, na yeye mlangoni akiwakaribisha. Alikuwa na miaka arobaini na saba, fundi wa sare za shule sokoni Migori, na hakuwa amewahi kutamani kitu kikubwa kiasi hicho.

Kosa lake ni kwamba alimsimulia mdogo wake.

Lynnet alikuwa muuguzi huko Austria, mwaka wa kumi na nne sasa. Alisikiliza kwenye simu, akacheka, akaomba picha. Filister akamtumia picha kumi na moja, kwa moyo mweupe. Wiki tatu hazikwisha, simu ikalia.

"Dada, nimeongea na yule mama," Lynnet akasema. "Nimeamua kuinunua. Nitakuwa nawapangishia watu wa likizo. Na wewe ndiye utakayenishikia funguo."

Filister alisema ni vizuri sana. Akakata simu, akarudi kwenye cherehani, na siku hiyo alishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja.

Haikuwa mara ya kwanza. Mama yao alipopooza, Filister alimwogesha na kumgeuza kitandani kwa miaka sita. Siku ya mazishi, mchungaji alisimama akamshukuru Lynnet kwa hema, kwa jeneza na kwa chakula cha waombolezaji. Watu wakapiga makofi. Ile miaka sita haikutajwa na mtu. Filister aliyameza, kama alivyoyameza mengine, lakini kitu kilichomezwa si kitu kilichokwisha.

Lynnet alikuja mwezi wa Agosti. Wakaenda Takawiri pamoja. Mdogo mtu alipita chumba hadi chumba akipima kuta kwa simu yake na kusema pale atavunja, hapa ataweka bafu la maji moto, kule atajenga kijibanda cha nyasi cha watu kula samaki. Kisha akamgeukia Susana. "Nikiwa kule, dada yangu ndiye atakayehakikisha mashuka yamefuliwa."

"Una bahati ya kuwa na dada," Susana akasema.

"Sana," akajibu Lynnet, na alimaanisha hivyo. Hilo ndilo lililomuuma Filister zaidi. Kama angekuwa na kiburi, ingekuwa rahisi kumchukia.

Siku iliyofuata wakaenda Homa Bay mjini, ofisini kwa wakili Motari, kuandikiana mkataba. Wakili alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliomba vitambulisho vya muuzaji na mnunuzi. Susana akatoa chake. Lynnet akafungua mkoba, akatoa kitambulisho chake cha Kenya, kile cha zamani, chenye picha ya msichana wa miaka ishirini.

Filister alikitazama kile kitambulisho. Alijua jambo ambalo wengine mle ndani hawakulijua. Miaka minane iliyopita Lynnet alikuwa ameapishwa kuwa raia wa Austria, na nchi ile ilimtaka kwanza aukane uraia wa Kenya. Alilia kwenye simu siku hiyo. Ni Filister aliyembembeleza. Kitambulisho alipaswa kukirudisha, hakukirudisha.

Wakili alikuwa ameanza kunakili namba.

"Hicho hakitumiki tena," Filister akasema.

Wote wakamtazama.

"Huyu si Mkenya. Aliukana uraia. Pasipoti yake ni ya Austria."

Sauti ilimtoka tulivu, kama mtu anayemsaidia karani kurekebisha herufi. Lakini ndani yake alisikia utamu, utamu wa kweli, na akajua hakuwa amesema kwa kupenda sheria.

Wakili akaweka kalamu chini. "Ni kweli, mama?"

Lynnet akakichukua kitambulisho chake mezani. "Nilizaliwa hapa," akasema. "Kitovu changu kimezikwa kwetu Lambwe. Nani ataniambia mimi ni mgeni?"

"Katiba," akasema wakili, bila ukali. "Mgeni hamiliki ardhi moja kwa moja hapa Kenya. Anaruhusiwa kukodi tu, isizidi miaka tisini na tisa. Na ardhi ya nyumba hii imeandikwa ni ya kilimo, kwa hiyo hata huko kukodi kuna vibali vyake vigumu. Ungetia sahihi kwa kitambulisho hiki, ungekuwa umetenda kosa la jinai, na mimi ningekuwa nimeliandika kwa mkono wangu."

"Nikodi ardhi kwetu," Lynnet akasema polepole, kana kwamba anaonja chakula kilichochacha.

Susana alikuwa anakunjakunja kitambaa chake cha kichwa. Kisha Lynnet akainua uso, akamgeukia dada yake, na Filister akajiandaa kutukanwa.

"Basi iandikwe kwa jina la Filister," Lynnet akasema. "Yeye ni raia. Ni damu yangu. Yake na yangu ni kitu kimoja."

Wakili alikohoa. "Lazima nikuonye. Mwenye jina kwenye hati ndiye mwenye mali. Mkikosana kesho, hakuna mahakama itakayokusaidia kwa urahisi."

"Hatuwezi kukosana juu ya nyumba."

Wakili akamtazama Filister, akingoja. Kalamu ilikuwa pale mezani. Ni neno moja tu, na baraza ile na ule mchanga vingekuwa vyake mbele ya serikali. Alijiona akiwaambia akina mama wa kanisa. Aliona tena, wazi kabisa, jinsi ambavyo mwaka wa kwanza angepeleka hesabu zote kwa uaminifu, wa pili angechelewa, na wa tatu angemwambia Lynnet kwamba nyumba ina mwenyewe. Aliona hata maneno ambayo angetumia. Yalikuwa yameshapangika kichwani, yakingoja zamu yao.

"Msiandike jina langu," akasema.

"Kwa nini?" Lynnet akauliza.

"Kwa sababu nitakunyang'anya."

Lynnet akataka kucheka, akaona uso wa dada yake, akaacha.

"Nakuonea wivu, nyar mama, binti wa mama yangu. Tangu ulipopanda ndege. Nyumba ile niliiona mimi, nikaipenda mimi, na wewe ukanipa mashuka nifue. Nimesema habari ya uraia wako ili uikose. Si kwa ajili ya sheria." "Sasa ukiniwekea mkononi, sitairudisha. Najijua."

Susana aliinuka akatoka nje. Wakili naye akakumbuka karatasi fulani katika chumba cha pili.

"Ungeniambia uliitaka," Lynnet akasema mwishowe.

"Ningekuambia nini? Kwamba naitaka na siiwezi?"

Wakarudi Migori, kila mmoja akitazama dirisha lake. Lynnet alilala hotelini, siku ya tatu akapanda ndege. Lakini kabla ya kuondoka alirudi peke yake kwa wakili, maana huyo alikuwa amemweleza kwamba mtu aliyezaliwa Mkenya anaweza kuuomba uraia wake upya. Akajaza fomu, ingawa alijua ungeweza kumgharimu ule wa Austria. Susana alikubali kumngoja hadi Pasaka, zaidi ya hapo hapana.

Barua ya uraia ilitoka mwezi wa Machi. Nyumba ikanunuliwa, jina likaandikwa la Lynnet peke yake, na funguo akapewa binti wa kisiwani aitwaye Dorine. Filister hakuulizwa, na hakutarajia kuulizwa. Habari aliipata kwa jirani.

Desemba Lynnet alirudi, akampigia. "Njoo ukae siku tatu. Si kufanya kazi. Kukaa."

Filister alikwenda. Akapewa chumba kinachotazama ziwa, akala samaki aina ya ngege wa kukaanga, akaoga maji moto. Asubuhi alimkuta mdogo wake kwenye baraza, akaketi kando yake.

"Bado unanionea wivu?" Lynnet akauliza.

Filister alitazama ule mchanga, na wageni wawili wakichezea maji na mtoto wao. "Bado," akasema. "Na hilo bafu umeliweka mahali pabaya. Mimi ningeliweka upande wa jikoni."

"Nionyeshe," Lynnet akasema, akainuka.