Debe la Mzee Asukile

Masika ya mwaka 1957 yalikata ukingo wa bwawa la kampuni, juu ya kijiji chetu, katika milima ya karibu na Mbeya mjini. Kampuni hiyo ilikuja kutafuta mawe ambayo Wazungu waliyataka kwa ajili ya mitambo yao ya nyuklia. Waliyasaga, wakayaosha, na maji machafu ya kuoshea wakayaweka bwawani. Siku ukingo ulipokatika, maji yale na tope lake la kijivu yaliteremka bondeni, yakapita juu ya chemchemi tuliyokuwa tukinywa sote.

Waliosafisha ni vijana wa kijiji, chini ya nyapara Silvester. Mhandisi alitangulia mbele yao akiwa na mashine ndogo iliyolia tik, tik. Ilipolia kwa haraka, walichimba hapo, wakajaza tope kwenye mapipa, na mapipa yakazikwa katika shimo lililosakafiwa kwa saruji. Chemchemi ilizungushiwa kamba ya katani. Silvester alitangaza nje ya kanisa kwamba maji yana mionzi, sumu isiyoonekana wala kunusika, na mtu asiyachote. Gulam, mwenye duka mjini, akawa analeta maji safi kwa lori lake hadi barabarani. Hakuna aliyemwomba.

Mwanzoni tulitii. Kisha chemchemi ikatulia, maji yakawa maangavu kiasi cha kuona changarawe chini yake. Ng'ombe walikata kamba wakanywa, na hakuna aliyekufa. Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, na Mzee Asukile alikuwa mmoja wao.

Mkamwana wake, Atuganile, alikuwa mpishi kambini kwa mhandisi. Mumewe, Saulo, alikuwa Iringa, kule Ipogolo, kwenye kazi ya barabara, na Atuganile alikuwa na mimba yake ya kwanza. Atuganile aliiamini habari ya sumu, kwa sababu siku moja chai ilipikwa kwa maji ya bondeni kwa bahati mbaya, na mhandisi alipojua, alimwaga chai yote shimoni, kisha akaagiza birika nalo lizikwe. Lilikuwa birika jipya.

Angemwambiaje mzee? Kwetu Wanyakyusa, mkamwana hasemi na baba mkwe wake, hamtazami usoni, wala hatamki jina lake. Akimwona anakuja huacha njia, akajikunyata majanini hadi apite. Wakwe wema nao husaidia, hukohoa kabla ya kufika konani. Asukile alikohoa sana kwa ajili ya Atuganile, hata watu wakashindwa kujua lini ana adabu na lini ana mafua.

Mama mkwe, ambaye angechukua ujumbe, alikuwa amekwisha kufariki. Basi Atuganile akamwomba Lutengano, rika la Asukile. Lutengano alikuwa mtu wa utani, na ujumbe akaufikisha kwa utani, mbele ya wazee wenzao.

"Mkweo anataka ukauke kama ugoro. Anasema usinywe maji."

"Wewe umeyanywa tangu utoto," Asukile akamjibu, "na mdomo wako bado unafanya kazi usiku na mchana. Sumu gani hiyo?"

Wakacheka, na habari ikaishia hapo.

Atuganile hakukasirika. Kila alipokwenda kuchota maji kwenye lori la Gulam, alichota na ya mzee. Aliyapandisha kilimani kichwani na kuyaacha kwenye zizi la ng'ombe, mahali ambapo mzee angeyakuta bila wao kuonana. Asukile aliyakuta. Aliona heshima tu ndani yake, heshima iliyozidi. Alimwambia jirani yao, Marta, kwamba yule mtoto ana tumbo zito, na bado anahangaika na mizigo miwili kwa ajili ya mzee asiye na kazi. Alisema jambo hilo linamnyima usingizi.

Mtungi wa Atuganile ulikaa barazani. Ikawa anauacha nusu asubuhi, na akirudi kazini anaukuta umejaa. Alikuwa amewahi kuwaomba vijana wa lori wampandishie maji wakipata nafasi, kwa hiyo alidhani ni wao. Aliwashukuru moyoni, akanywa. Jioni alijinyoosha mkekani na kuiombea mikono ya watu asiowajua.

Mwishoni mwa Mei miguu ilimvimba, mhandisi akamruhusu arudi mapema. Konani, penye migomba, alimwona Asukile akipanda kutoka bondeni na debe begani. Kwetu mwanamume hachoti maji, sembuse mzee mwenye wajukuu. Alikuwa amechagua saa ambayo wanawake wako mashambani, asije akachekwa. Hakukohoa, kwa kuwa pumzi yake yote ilikuwa kwenye lile debe.

Atuganile alipaswa kuacha njia. Hakuiacha.

"Baba," alisema. "Hayo ni ya chemchemi?"

Mzee alishtuka, akampa mgongo, akalitua debe taratibu. Kisha akasema na mgomba uliokuwa mbele yake.

"Mgomba, mwambie huyu mtoto apite salama. Nilitaka kumpunguzia mzigo tu."

Atuganile naye akautazama mgomba. "Mwambie baba kwamba nilimletea maji mengine kwa sababu ya haya. Yana sumu kweli. Nimeona birika likizikwa."

Asukile alilishika shina la mgomba kwa mikono miwili.

"Mwulize ameyanywa tangu lini."

"Tangu mtungi ulipoanza kujaa."

Mzee aliinama amwage, akasita. Alitazama migomba, akatazama njia, akatazama shamba la mahindi la jirani. Hakujua pa kuyamwaga. Mwishowe alilirudisha debe begani, akalibeba hadi kwenye shimo la Silvester, mwendo mrefu wa kupanda, na vijana waliomwona hawakumcheka.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Saba. Alikuwa wa kiume, na hakulia. Daktari wa misheni alikuwa mkweli, alisema wanawake wengi hupoteza mtoto wa kwanza, na yeye hawezi kusema kama ni maji au si maji. Saulo alikuja kwa basi, akazika, akakaa siku chache, akarudi Iringa.

Atuganile akamwita Marta. Alimtuma akamwambie mzee kwamba daktari amesema si maji. Marta alikuwapo wakati daktari anasema, alijua hakusema hivyo. Hata hivyo alikwenda, akasema kama alivyotumwa.

Asukile alimsikiliza hadi mwisho.

"Mshukuru kwa kunitakia hivyo," alisema.

Kesho yake alikwenda kwa Silvester kuomba koleo. Silvester alimkatalia kwa upole, akasema kazi ile ni ya vijana na tope lile halifai kwa mtu yeyote. Mzee alirudi asubuhi nyingine, na nyingine tena, akisimama pembeni, mpaka Silvester akampa koleo na viatu vya mpira. Alichimba polepole, tope kidogo kidogo, akiwa amejifunga kitambaa puani kama walivyofundishwa. Jikoni kambini, Atuganile alimwona kupitia dirisha. Alichemsha chai ya maziwa kwa maji ya Gulam, akampa Marta aipeleke.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, mashine ilinyamaza pale chemchemini. Mhandisi alisema panatosha, akaanza kuwashukuru vijana mmoja mmoja kwa kuwashika mkono. Asukile alibaki chini kwenye tope. Aliomba wapitishe mashine tena, hapo kwenye jiwe ambapo mtu hukanyaga akichota. Wakapitisha. Ilinyamaza.

Akaomba wapitishe tena.