Spika ya Kushoto ya Edmund

Jumamosi asubuhi, katikati ya rumba, spika ya kushoto ya Edmund ilikohoa. Mkewe, Tupokigwe, aliacha kuchambua maharage akaenda kuitazama. Mambo ya waya pale nyumbani yalikuwa yake. Edmund, bwana mauzo wa kiwanda kimoja cha mbao hapo Mafinga, alijua kununua vitu na kuvipiga makofi vikigoma.

Tupokigwe alianza na betri ya lori iliyoendesha gramafoni. Ilikuwa na moto wa kutosha. Akakwangua kutu kwenye ncha za waya, akazifunga upya. Spika ikakohoa tena, kisha ikasema, "Nasikia baridi, Edmund."

Ilikuwa sauti ya mama yake Edmund, aliyezikwa mwezi wa Mei. Tupokigwe alimwamkia, mama mkwe akaitika marahaba, ukaguzi ukaendelea.

Alihamisha waya wa kushoto kulia, na wa kulia kushoto. Kama ubovu ungekuwa kwenye amplifaya, mama mkwe angehamia upande wa pili. Hakuhama. Akaichomoa spika yenyewe kutoka sandukuni mwake, akapachika ya kulia mahali pake. Mama mkwe alizidi kulalamika, sasa kwa besi nzuri zaidi. Kilichobaki ni sanduku.

Akaligeuza, akalikwaruza mgongoni kwa kisu. Lilikuwa la mninga, mbao nyekundu isiyooza upesi.

Pale hospitali ya Tosamaganga, Tupokigwe alipokuwa akimuuguza, mama mkwe aliomba kitu kimoja tu: asizikwe kwenye paini. Maisha yake yote alikuwa ameona paini ikioza kwenye mapaa ya watu. Tupokigwe alimwahidi mninga, na Edmund akasema mbao amepata. Siku ya maziko jeneza lilikuwa jekundu, linang'aa, hata mashemasi wakalisifu.

"Paini hiyo," alisema mama mkwe. "Mwanangu aliipaka dawa ya viatu."

Edmund alipoulizwa hakukana. Alieleza kwamba sanduku la spika likiwa la paini linameza besi, na kwamba mtu aliye chini ya udongo hana haja ya mbao nzuri. Tupokigwe akamwambia achukue jembe, wakamfukue mama na kumzika upya.

"Mke wangu, mbao zimeshakatwa," alisema Edmund. "Tutamlaza kwenye nini? Kwenye visanduku viwili?"

"Kichwa kiweke kushoto," alisema mama yake. "Miguu weka kulia. Mimi sina maringo."

Edmund akasema atafikiria baada ya sherehe. Alikuwa amewaalika wakubwa wa kiwandani waje wasikie mtambo wake.

Walikuja Jumapili na wake zao. Kila mmoja aliliamkia sanduku la kushoto kabla ya kukaa, kama inavyompasa mtu mwenye adabu. Mama mkwe aliwaitikia wote, akamwambia bwana mhasibu kwamba anacheza rumba kama mtu anayekanyaga siafu. Wakacheka, wakajaza bilauri. Meneja alisema hajawahi kusikia besi kama ile, akamwuliza Edmund fundi wake ni nani, maana na yeye baba yake yuko mahututi.

Santuri ilipokwisha, mama mkwe alisema ubao wa juu wa jeneza umekatika na udongo umemfika begani.

Tupokigwe alileta blanketi zito, akalifunika sanduku vizuri, kama anavyofunikwa mgonjwa. Edmund akaweka santuri nyingine. Akasikiliza kidogo, akaona sauti inazibwa, akalivua blanketi na kuongeza besi.