Kiti cha Wagonjwa

Mume wangu alikuwa na jicho moja la kazi na moja la pambo. La pambo ni la kulia. Ukilitazama halina kasoro yoyote, ila linaona ukungu tu, na ukimpa kikombe cha chai kwa upande ule, anakamata hewa. Nyumbani tulishazoea. Hata kitinda mimba wetu, ambaye viatu bado anavaa mguu huu kwa ule, alijua kwamba ukitaka kitu kwa baba unapitia kushoto.

Ulingoni wanamwita Radi. Mimi mtaani naitwa Mke wa Radi, utadhani niliolewa na mawingu. Mchana Radi hubeba magunia ghalani, jioni huenda kupiga gunia la mazoezi, na nikimwambia maisha yake yote ni magunia tu, hacheki. Miaka kumi na moja ameishi hivyo akisubiri kitu kimoja, mkataba wa ngumi za kulipwa. Mwaka huu ukaja. Mapambano matatu nje ya nchi, na wakala alishaleta karatasi. Ulibaki muhuri wa daktari wa macho.

Hapo ndipo penye mfupa. Baada ya pambano lake la mwisho, hospitali walituambia sote wawili, tena polepole kama watu wanaosema na viziwi: ngumi moja kali ikitua pale, jicho la kulia litazima kabisa, na la kushoto nalo limeshaanza kuchoka. Radi alitoka pale akasema daktari yule hajui ngumi. Mimi nilitoka nikiwaza kipofu atabebaje gunia, na watoto watatu watakula nini.

Sasa, mimi ni msafishaji katika kliniki ya macho, na kliniki hiyohiyo ndiko chama cha ngumi hupeleka mabondia wake kupimwa.

"Si unaufuta ule ubao wa herufi kila siku?" Radi aliniambia. "Niandikie mistari ya chini. Ile ya juu naiona."

Nilimwambia ana wazimu. Nikanuna siku mbili. Siku ya tatu nikaziandika herufi kwenye kipande cha boksi la glavu za kliniki na kukificha kifuani. Sitajisingizia utakatifu. Na mimi nilikuwa nimechoka kuchota maji kwenye bomba la watu kumi na wanane, na nilikuwa nimemwona mume wangu akiushika ule mkataba kwa ncha za vidole, asiuchafue.

Tukaanza masomo. Nilikuwa nauliza huku nakatakata vitunguu, yeye anajibu huku anavua buti. Mstari wa mwisho ndio uliokuwa mgumu kwake: A, V, T, O, H. Binti yetu mkubwa akaudaka, akaufanya wimbo wa kurukia kamba. Ndani ya wiki moja nyumba nzima ilikuwa imefaulu mtihani wa macho.

Jumatatu, siku mbili kabla ya kipimo, nilikuwa nasafisha chumba cha daktari. Ni chumba kidogo. Ubao umetundikwa ukutani nyuma ya kiti cha wagonjwa, juu ya kichwa, na ukuta wa mbele una kioo kikubwa. Miaka minne nimefuta ubao, nimefuta kioo, nimefuta kiti. Kukikalia kamwe. Kuna amri: msafishaji hakai kwenye kiti cha mgonjwa. Lakini siku hiyo goti liliniuma, mlango ulikuwa umefungwa, nikakaa.

Nikainua macho. Kumbe mgonjwa hautazami ubao wenyewe, anautazama kwenye kioo. Na kwenye kioo mstari wa mwisho ulianza na H, ukaja O, T, V, ukaishia na A. Herufi zenyewe zote ni za aina ile isiyo na mbele wala nyuma, ndiyo maana sikushtuka hata siku moja. Nilikuwa nimemfundisha mume wangu mistari yote kutoka mkiani.

Nilikaa pale mpaka mlango ukagongwa.

Jioni ile alinisomea mistari yote bila kukosea, akanyanyua mikono kama kashinda. Ningeweza kusema, geuza. Neno moja tu, na siku mbili zilimtosha. Nikamwongezea mboga.

Jumatano alikuja kliniki akiwa amevaa shati alilofungia ndoa. Mimi nilikuwa naburuta dekio kwenye ukumbi, tukapitana kama watu wasiojuana. Alipotoka hakunitazama. Nilideki sehemu moja ileile hadi msimamizi akaniuliza kama kuna kitu kimemwagika.

Nilimkuta nyumbani amekaa kitandani, shati ameshalivua na kulikunja vizuri. Nikasimama kando yake.

"Amekataa," alisema.

"Ilikuwaje?"

"Nikaziba la kushoto, nikashusha zote kama maji. Daktari akaandika kitu. Akaniambia, haya, ziba la kulia. Ndipo nikaona mwenyewe." Akajikuna kidevu. "Zimekaa kinyume, mama. Ni kwenye kioo. Akauliza nani kakuandikia. Nikasema hakuna mtu. Akauliza tena na tena. Nikamwambia mimi nimezaliwa hivi, nasoma kuanzia mwisho."

Alijaribu kucheka. Huko nje binti alikuwa anaruka kamba na wimbo wake, A, V, T, O, H, na kamba inapiga chini kila herufi.

"Mkataba?"

"Wakala kaenda nao. Kuna kijana mwingine." Akalisogeza lile shati pembeni. "Siku ya kufa nyani."

Nikaanza kulia. Hapo ndipo aliponimaliza, maana alianza kunibembeleza mimi. Alinyoosha mkono kunitafuta, ukapita mbele yangu bila kunigusa.

"Usilie bwana. Utajilaumu kwa lipi? Wewe unafuta tu ule ubao, kwenye kile kiti hujawahi kukaa. Ungejuaje?"

Angenitukana ningevumilia. Angevunja sahani ningeokota vipande. Lakini alikuwa ananisamehe, tena kwa kosa ambalo silo, na ningeweza kuupokea msamaha ule na kuula kimyakimya maisha yangu yote.

Nilikuwa nimesimama kulia kwake. Nikazunguka kitanda, nikakaa kushoto, karibu, ili anione ninavyosema.

"Nilikaa," nikamwambia. "Jumatatu nilikaa."