Uzito wa Kikapu

Kitendawili! Njia yake ikizama mtoni, yeye huzidisha mbio. Nani huyo? Usijibu upesi. Brigita alihangaika nacho tangu asubuhi hadi adhuhuri, na uhai wa mwanawe ulikuwa ndani yake.

Ilikuwa masika, miaka saba tangu Vita vya Maji Maji, na mto Kilombero ulikuwa umepanda hadi kwenye mipunga. Kwa siku mbili waya wa simu wa kwenda Mahenge haukupeleka neno. Ng'ambo ya mto, katika kijiji cha Brigita, kazi ya kufyeka majani chini ya waya ilikuwa ya mwanawe, Dionisi. Basi askari wakamchukua Dionisi, wakamfunga Ifakara. Bwana mkubwa wa Boma la Wajerumani alisema wazi kwamba waya ukionekana umekatwa kijijini kwake, Dionisi atanyongwa na kijiji kitachomwa. Vita havikuwa vimesahaulika upande wowote.

Brigita alivuka kwa mtumbwi, kikapu cha wali na kambale kichwani, akaenda moja kwa moja hadi nyumba ya simu. Aliwakuta watu wawili: fundi Kelestini, mwanamume mrefu asiye na maneno mengi, na karani Viktor, kalamu sikioni, akingoja jibu la kumpelekea bwana mkubwa.

Kelestini akamwamkia shikamoo, akamsogezea kigoda. Brigita, kama ilivyo desturi, hakuanza na shida yake.

"Marahaba, baba. Wewe ni wa nani?"

Kelestini akamtupia jicho Viktor, kisha akainamia chombo chake cha kupimia umeme. Viktor ndiye aliyecheka, akasema huyo ni mtoto wa Boma tu, hana kwao. Na katika siku hizo wengi walijiita hivyo, kwa kuwa Boma halikumpa kazi mtu ambaye baba yake alikuwa mwasi.

Mikono ikiwa kazini, Kelestini akamweleza mama taratibu. Katika zile chupa za betri kuna msukumo, volti ishirini na nne. Sindano hii inaonyesha mkondo wa umeme unaopita, kwa ampea. Waya nao humpinga mpitaji, na upinzani wake hupimwa kwa omu. Kila kilomita ya waya huu ni omu kumi. Gawa msukumo kwa mkondo, utapata upinzani, na upinzani utakuambia umeme umefika wapi. Waya ungekuwa umekatika ukaning'inia hewani, sindano ingelala. Lakini leo imepanda kupita kawaida, sehemu moja ya kumi ya ampea, maana yake umeme umepata njia ya mkato kuingia ardhini penye maji.

Akagawa. Mia mbili na arobaini. Kilomita ishirini na nne.

"Ni kijijini kwa huyu mama hasa," Viktor akasema. "Wamekata, ncha imelala matopeni. Niandike?"

Brigita akauliza huo umeme una nguvu kiasi gani hata umnyonge mtu. Kelestini, kichwa chini, akamjibu kwamba nguvu ni msukumo mara mkondo, wati mbili na kitu, haitoshi kuwasha hata taa.

"Haiwezi kuwasha taa," Brigita akasema, "ila kijiji changu itakichoma."

Akakiangalia kile chombo na sindano yake. Kilimkumbusha mizani ya misheni, ambako kila mwaka alipeleka mchele, na mpimaji hakuandika lolote kabla ya kupima kikapu kitupu.

"Baba, umetoa uzito wa kikapu?"

Viktor akacheka, eti mama anadhani hapa tunapima mchele. Lakini Kelestini aliacha kalamu. Ndani ya chombo mlikuwa na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, na umeme hupita humo kwanza kabla ya kutoka nje. Upinzani wake ni omu mia na sitini. Kwa kuharakishwa, alikuwa ameuhesabu pamoja na waya wa njiani.

Akatoa. Zikabaki themanini. Kilomita nane, na kilomita nane ni Kivukoni.

Walikwenda wote, na askari nyuma yao wakimleta Dionisi, kamba mikononi. Maji yalikuwa yamechimbua nguzo, imelala ubavu, na waya umezama, mzima, hauna alama ya panga, magugu yamening'inia juu yake kama nguo. Kumbe ndiyo maana mkondo ulizidi mbio: njia yake ilikuwa mtoni.

Dionisi alifunguliwa hapo hapo, kabla jua halijainama. Brigita alitaka kumpigia magoti Kelestini, naye akamshika mikono, akasema wa kupiga magoti ni yeye, kwa kuwa angemuua mtu kwa hesabu aliyoigawa vizuri kabisa. Basi wakaketi ukingoni, wakala wali wa kikapu kile kile, watatu, vidole vikigongana, na Brigita akamshukuru Mungu kwa sauti, halafu akamshukuru mpimaji wa misheni.

Viktor alikwisha kurudi Ifakara na barua yake kwa bwana mkubwa, askari nao wamemfuata. Mtumbwi ulipokuwa tayari, Kelestini aliushika usiondoke.

"Mama, asubuhi uliniuliza. Mimi ni wa Matimbwa wa Mahenge, yule aliyekunywa maji, akafa mbele ya bunduki za Boma."