Pete za Shaba za Gari-moshi la Makame

Mke wangu Mastura alifariki mwaka ule wa Uhuru, na arobaini yake haijafika nikaambiwa nihame kota ya reli. Kota za familia ni za wenye wake, ndiyo kanuni. Mgane aende kambi ya makapera. Na binti zangu wawili je? Kambini hawaruhusiwi. Ilikuwa kanuni ya Wazungu, na aliyeipigia kelele kuliko wote kwenye mikutano yetu alikuwa karani mmoja, Makame. Tulimshangilia mpaka koo zikakauka.

Mzungu aliyekuwa mkubwa wetu akaondoka, Makame akakalia kiti chake. Nikaenda kwake. Zamani alikuwa akiniamkia shikamoo. Siku hiyo alingoja nianze mimi.

"Habari za kazi, mkubwa."

"Fundi Salehe! Shida yako naijua. Kwanza nitengenezee hiki."

Mezani palikuwa na gari-moshi dogo la chuma, la kutia ufunguo, aliloliacha yule Mzungu. Magurudumu yalikuwa yamelika mpaka yana mifereji, kila kwenye kona linaruka reli. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Dar es Salaam, naye alitaka walione likizunguka.

"Likizunguka, kota ni yako. Neno langu hilo."

Nikalifanya kama tunavyofanya injini kubwa. Niliyakereza magurudumu yakawa duara. Stoo wakaninyima shaba, nikakata nguzo ya shaba ya kitanda changu mwenyewe nikapata pete, nyembamba, ndogo kidogo kuliko gurudumu. Pete ukiipasha moto inatanuka. Unalivika gurudumu haraka, ikipoa inabana.

Ngosha, mwenzangu wa karakana, akanicheka.

"Fundi, unavisha pete? Posa umepeleka lini?"

"Cheka tu. Mimi nitalala kwangu na wanangu."

Lilizunguka bila kuyumba. Wageni wakapiga makofi. Makame akawaambia, "Hiyo ndiyo kazi ya ofisi yangu." Nikangoja watoke.

"Mkubwa, ile kota?"

"Ah, mzee Salehe! Kanuni ni kanuni. Nimeshampa shemeji yangu, yeye ana mke."

"Na yale uliyokuwa unasema mkutanoni?"

"Ule ulikuwa mkutano."

Nikalichukua lile gari palepale mezani, nikatoka nalo. Akanifuata mpaka karakana, anafoka. Nikawasha moto, nikazipasha pete moja moja, nikagonga kidogo, zikachomoka kabla chuma hakijashika joto.

"Unaharibu mali ya serikali!"

"Naondoa kitanda changu. Magurudumu yako hayo, chukua."

Ijumaa tulihama. Binti zangu wako Misungwi kwa mama yao mdogo, mimi niko kambini na vijana. Nikimtukana Makame anapopita stesheni, watu huniambia, pole mzee, ni uchungu wa kufiwa. Uchungu gani wa kufiwa? Mastura alichukuliwa na homa, nami sina ugomvi na homa. Watoto wangu wamechukuliwa na mtu mzima mwenye akili zake, tuliyempigia makofi sisi wenyewe.