Jiwe la Saba

Siku ya kuzunguka mpaka, watu wa kijiji cha Nether Cobley walitoka kanisani saa nne asubuhi na fimbo zao za mierebi, wakaenda wakichapa kila jiwe la mpaka mara tatu, kama desturi ilivyotaka. Juu ya jiwe la saba, kando ya kijito, walimkuta Hester Pask amekaa, uchungu wa kuzaa umemshika. Ndivyo wanavyomkuta kila mwaka. Wanaume walivua kofia. Mtu mmoja alimmiminia chai.

Enid Tuckwell, mtunza kumbukumbu za kijiji, alikuwa amekumbatia daftari la kale la parokia. Alilisoma majira yote ya baridi, hadi alipoufikia mstari wa mwaka 1794: Hester, mzaliwa wa hapa, asiye na mume wala kazi, amevushwa mpaka kwa mkokoteni asije akajifungulia kwetu mtoto wa kulishwa na parokia. Msukuma mkokoteni, Amos Tuckwell.

Alimsomea Bwana Garrod, mwenyekiti wa kijiji, akaomba safari hii Hester aingizwe ndani ya mpaka. Garrod alisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha hata neno. Alisema tu kwamba makaburi yamejaa, shule haina nafasi, na jambo kama hilo linataka kikao.

"Huyu hangoji kikao," Hester alisema, akishika tumbo.

"Mbona amengoja siku zote hizi, mama," Garrod akajibu kwa upole. Watu wakacheka kidogo, na Hester naye akacheka. Kisha akasema, "Nataka azaliwe kwetu. Basi."

Lakini jiwe lilikuwa halijachapwa, na haliwezi kuchapwa mtu akiwa amelikalia. Garrod alikuwa na mgongo mbovu. Wengine walitazama viatu vyao. Enid alingoja kidogo, akaliweka daftari kwenye nyasi, akamshika Hester kwapani.

"Polepole, dada."

"Wewe una mikono ya joto," Hester alisema. "Yule wa kwanza alikuwa na haraka."

Enid alimvusha kijito, akamkalisha ng'ambo, nje ya mpaka, mahali pakavu, akamkunjia koti lake awe na kitu cha kuegemea. Jiwe likachapwa mara tatu. Msafara ukaelekea jiwe la nane.

Enid alirudi kuchukua daftari. Lilikuwa wazi ukurasa uleule. Chini ya jina la Amos lilikuwa limeandikwa jina la Enid, bila kosa, wino bado mbichi. Akasubiri ukauke, ndipo akalifunga.