Kopo la Ramani ya Koboko

Mimi Rosa Kiden nililichukia kopo lile miaka kumi na minane, na asije mtu kuniambia sikuwa na haki. Lilikuwa kopo refu la bati, la kuwekea ramani, na mume wangu Yakani alilitunza kama mtoto mchanga. Mwaka 1979, vita ilipofika Arua na watu wakashika barabara ya Vurra kwenda Kongo, nilimfunga binti yetu Viktoria mgongoni, nikainua cherehani yangu ya mkono. Yakani akaniambia niishushe. Kulikuwa na gunia la unga na kulikuwa na kopo, na yeye kopo hakuliachia, kwa hiyo unga ukawa wangu. Cherehani ilibaki sakafuni, mlango wazi. Huko Aru, kambini ng'ambo ya mpaka, nililima mashamba ya watu kwa ujira wa mihogo, na kila nilipoinama niliikumbuka.

Ndani ya kopo mlikuwa na ramani ya mji wa Koboko. Yakani alikuwa mtu wa mipango ya mji katika ofisi ya Arua, kijana aliyependa barabara zilizonyooka, na ramani ile aliichora mwaka 1978. Barabara kuu mpya aliipitisha katikati ya mji, na ikapita juu ya nyumba ya baba yake mwenyewe, Mzee Pitia. Hakuficha. Tulikwenda Koboko, tukakaa barazani, akamwonyesha mzee mstari. Pitia alikuwa askari wa zamani wa keya, jeshi la Mwingereza, na nyumba ile aliijenga kwa matofali ya kuchoma na nguzo za mvule. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema barabara ipite tu, yeye amechoka na mji, siku ikifika atarudi kijijini kwao Dranya kulima. Tukamaliza chai, tukaondoka.

Hakurudi Dranya. Vita ilipowafikia alikataa kukimbia. Alisema mbio zake zote alizimalizia Burma. Mwaka 1980 alipigwa risasi mlangoni kwake. Jirani yake Sitti, mjane, aliyekuwa bado hajaondoka, alimzika peke yake kwa jembe, pale pale barazani. Alimvika kitenge chake cha kijani, kisha akavuka mpaka na gauni alilokuwa nalo mwilini. Habari hiyo alituletea mwenyewe kambini. Yakani alimpigia magoti, mwanamume mzima, mbele za watu.

Tuliporudi mwaka 1986, mji wa Koboko ulikuwa majani. Ofisi ya Arua ilikuwa imeungua na makaratasi yake yote, na watu waligombania viwanja mpaka wakatoleana mapanga. Hapo Yakani akafungua kopo. Ramani yake ndiyo pekee iliyobaki, na kwa ramani hiyo kila mtu alionyeshwa kiwanja chake. Sitti alipata chake, wajane wengine wakapata vyao, na wenye mabavu wakanyamaza, kwa sababu ilijulikana kwamba Yakani hasogezi mstari hata kwa ndugu yake. Nisiwe mwongo, siku hizo nililiheshimu kopo lile kidogo. Kidogo tu.

Lakini yule kijana wa barabara zilizonyooka hakurudi kutoka Kongo. Aliyerudi alikuwa mtu wa kuta za zamani. Alipima nguzo za maduka ya Wahindi pale Arua, akapapasa milango iliyoungua, akaandika orodha ya majengo yasiyofaa kubomolewa na kuipeleka kwa kila mkubwa mwenye meza. Watu walikuwa wanatafuta bati la kuezekea, yeye anawasihi wasing'oe mbao za kale. Wakamwita Daktari wa Magofu. Hata mimi nilimwita hivyo akichelewa kuja kula. Namba moja katika orodha yake ilikuwa nyumba ya Mzee Pitia, ambayo ilisimama bila paa, na kaburi barazani.

Mwaka 1992 barabara ikaja. Wenye barabara walitaka ramani, na ramani ilikuwa moja. Yakani aliandika barua tatu kuomba nyumba ile iachwe, kwa kuwa ni ya kale na ndani yake amelala mtu. Kwa barua zote tatu lilikuja jibu moja, fupi: mstari ni wako, sahihi ni yako, na mji mzima umegawanywa kwa ramani hii.

Mdogo wake, Laku, alikuja kwetu Arua kutoka Dranya. Alikaa, hakugusa chai.

"Piga laini upya," akasema. "Hatua kumi tu kwa upande. Karatasi iko kwako. Nani atajua?"

Nilimuunga mkono, tena kwa nguvu. Nilimwambia Yakani kwamba ikiwa karatasi ile ilistahili kuchukua nafasi ya cherehani yangu, leo basi itufae na sisi.

Yakani alichora mstari mezani kwa kidole. "Huku iko maji," akasema, "na huku iko nyumba ya Sitti."

"Sitti si mutu yetu."

"Ndiye alizika baba."

Laku akainuka. Alisema anayemtupa baba yake chini ya trekta hana haja ya ndugu, akatoka. Hawakusemezana tena.

Na mimi je? Nilitamka maneno ambayo hayarudishwi. Nilimwambia moyo wake ni bati tupu, kama kopo lake. Wiki ile nzima alishinda mezani mlango umefungwa, na nilipofua mashati yake nilikuta chembe za raba ya kufutia zimenasa kwenye mikono. Nikadhani ana kazi nyingine ya ofisi. Nilizikung'uta, nikaendelea kufua.

Mzee Pitia tulimtoa asubuhi ya Jumanne. Wazee wa Dranya walichinja kondoo, na mtoto wa dada yake ndiye aliyepiga jembe la kwanza, maana kwetu hakuna mwingine anayeruhusiwa. Kitenge kilikuwa kimeoza, ila kwenye pindo kijani kilionekana. Sitti alikitambua, akakaa chini. Laku alilia kwa sauti. Yakani hakulia. Alishika utepe wake akapima mlango, akapima dirisha, upana wa baraza na urefu wa kila nguzo, akaandika kwenye daftari. Jamani, nilitamani kumzaba kofi. Mashine iliingia saa nne, na ilipofika saa sita hapakuwa na nyumba.

Na barabara yenyewe haikufika. Walichimba mpaka pale, wakakaa miezi miwili, wakahamisha mashine, hawakuonekana tena. Sitti akapanda mahindi. Kila tulipokwenda Koboko, Yakani alisimama kando ya mahindi yale, mikono nyuma, mpaka nimwite mara mbili.

Alikufa Machi 1997, kwa ugonjwa wa kifua. Tulimzika Dranya, ubavuni mwa baba yake. Nyumba ya Laku inaonekana kutoka kaburini, na Laku hakutoka nje.

Baada ya matanga nilitaka kopo la kuwekea mbegu za simsim. Nilisema moyoni, angalau mara moja litanifaa. Nikaivuta ramani, nikaitandaza mezani, nikaibana pembe kwa mawe. Miaka yote ile sikuwahi kuitazama vizuri. Niliutafuta mstari wa barabara, ule wa wino, nikaufuata kwa kidole mpaka nyumbani kwa Mzee Pitia. Hapo karatasi ilikuwa imepauka na kulainika. Kulikuwa na alama hafifu za penseli, nyingi sana, zikikunja kuikwepa nyumba. Kila moja ilikwenda mpaka ukutani kwa Sitti, na hapo ikafutwa, ikachorwa tena, ikafutwa. Katikati, pale barazani, karatasi ilikuwa imetoboka. Nikapitisha kidole changu, kikatokea upande wa pili.

Nilikwenda Dranya siku hiyo hiyo. Nilimkuta Laku anachambua maharage, nikamwekea ramani magotini bila salamu. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Nini ilitoboa hapa?" akauliza.

"Raba," nikamwambia.

Aliikunja polepole, akanirudishia, akaniuliza kama kaburi limeota majani. Nikamwambia limeota. Akaingia ndani kuchukua panga, akashuka nalo kaburini. Mimi nilibaki pale kwenye maharage yake, ramani mikononi, namwomba msamaha mtu ambaye hawezi tena kuniambia nipunguze kelele.